Mashine chini ya turubai: barua ya wazi kwa madiwani na wakurugenzi wa halmashauri

Waheshimiwa madiwani na ndugu wakurugenzi,

YAH: KARAKANA YA WOTE KATIKA KILA KATA

Salaam kwenu. Mimi ni fundi seremala. Kazi nilijifunzia Keko, Dar es Salaam, enzi ambazo mwanagenzi alifagia maranda na kunoa randa za wakubwa mwaka mzima kabla hajaruhusiwa kugusa mninga wa mteja. Leo nina kibanda changu pembezoni mwa jiji, mwarobaini mmoja wa kivuli na vijana wawili wanaonisaidia. Kuandika sijazoea. Maandishi yangu marefu kuliko yote ni risiti ya kabati la milango sita, kwa hiyo mnivumilie.

Nianze na mashine. Nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa mmoja ninaoufahamu ipo mashine ya kuranda mbao, imefunikwa turubai la bluu. Ililetwa na kikundi cha vijana waliopata mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia kumi ya mapato yake. Siku inashushwa kwenye kirikuu mtaa mzima ulitoka kuiangalia, na mama mmoja alipiga vigelegele. Wiki iliyofuata akaja fundi umeme, akafungua kifuniko cha mota, akachungulia, akauliza: "Hapa mna umeme wa njia ngapi?" Kibanda chao kilikuwa na njia moja, kama nyumba zote za pale. Mota ilitaka njia tatu. Gharama ya kuvuta nguzo na waya mpaka pale ilizidi hela yote iliyobaki kwenye akaunti ya kikundi.

Marejesho hayasubiri nguzo. Miezi miwili ya kwanza walichangishana mifukoni. Mwezi wa tatu wawili kati yao walikwenda kwa wale jamaa wa kausha damu, wakakopa kwa riba ili walipe mkopo wa serikali usio na riba. Kikundi kikavunjika, na wapo wasiosalimiana mpaka leo. Mwaka jana niliitwa nikaikadirie bei. Nilipofunua turubai nilikuta watoto wamechora duka kwa chaki juu ya meza yake, bei ya pipi huku, bei ya ubuyu kule. Nikapitisha kidole kwenye visu. Vilikuwa bado na grisi ya kiwandani. Mashine ile haijawahi kuonja hata ubao mmoja.

Simlaumu afisa aliyepitisha maombi yale. Fomu ilidai katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, akaunti ya benki na andiko la mradi, na vyote vilikuwepo, vimepigwa mihuri. Habari za umeme fomu haikuuliza.

Sheria yenyewe mnaijua kuliko mimi, ila nairudia kwa ajili ya wengine watakaosoma barua hii. Tangu 2018 kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa ili utaratibu urekebishwe, na 2024 ikarudi. Mimi naiunga mkono. Namfahamu mama aliyeanza na beseni la mitumba kwa fedha hizo na leo ana fremu mbili. Nguo huuzwa, hela hurudi, mtu anakwenda kufungua belo lingine. Lakini kifaa cha kazi kina tabia tofauti na belo la nguo. Kifaa hulala sana.

Njooni muone kwangu. Drili yangu ikizunguka robo saa kwa siku, siku hiyo kazi imechanganya kweli. Rauta ya kuchora kingo za meza naitoa kabatini mara mbili kwa mwezi, labda. Msumeno wa duara unaunguruma asubuhi nikipasua mbao, halafu unanyamaza mpaka kesho yake. Hatua hamsini kutoka hapo kuna kijana anatengeneza taa za vifuu vya nazi, kazi nzuri ajabu, ukiiwasha usiku ukuta mzima unajaa nyota. Nyota zile alikuwa akizitoboa kwa msumari aliouchoma kwenye mkaa mpaka ukawa mwekundu. Tundu moja, msumari unarudi jikoni. Tundu la pili, unarudi tena. Taa moja ina matundu zaidi ya mia. Nilikaa siku moja namwangalia, vidole vimebabuka, nikaona haya: drili imelala kabatini kwangu na yeye anaungua hatua hamsini tu.

Kwa utaratibu wa sasa kijana huyo anaambiwa atafute wenzake, waandike katiba, wakope, wanunue drili yao. Nayo itakwenda kulala kama yangu.

Neno karakana tulilipata kutoka Uajemi, na maana yake ni nyumba ya kazi, basi. Siku hizi ukilitaja halmashauri watu wanafikiria ule uwanja wa kuegesha magari mabovu, matairi yamezama kwenye nyasi. Ninachokiomba ni ile maana ya kwanza: nyumba yenye meza imara, jiriwa, misumeno, mashine ya kuchomelea, cherehani mbili tatu na ovaloki, umeme wa uhakika, na mtu anayejua kuvitunza. Mwananchi anaingia na kazi yake, anachangia kidogo, anatumia, anaondoka.

Jambo hili nimelijaribu. Miaka michache iliyopita nilianza kufungua kibanda Jumamosi asubuhi kwa yeyote mwenye kitu chake cha kutengeneza. Unakuja na mali yako, unatumia vifaa vyangu, unachangia hela ya LUKU. Sharti ni moja: ukishajua jambo, humwachi wa pembeni yako analihangaikia peke yake.

Aliyenifungua macho ni mama ntilie jirani yetu. Alikuja na mbuzi ya nazi iliyong'oka bawaba, akitaka nimgongee msumari awahi jikoni. Nikamwuliza anakuna nazi ngapi kwa siku. Kumi na tano, akasema, na Ijumaa zinafika ishirini. "Na magoti haya, fundi, yameshakwisha." Mbuzi za dukani zinakaa chini, unakunja miguu kama mtoto wa madrasa, na ukiinuka baada ya nazi ya kumi na tano unashika ukuta. Nikamwambia aachane na ile, atengeneze ya kwake. Akacheka. "Mie tena?"

Ilichukua Jumamosi tatu. Ya kwanza hatukukata kitu. Tuliweka ubao juu ya matofali, akakaa, akaigiza kukuna, tukaongeza tofali, tukapunguza, mpaka akasema "hapa", nami nikapima kwa futi kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti lake. Ya pili alikata mbao mwenyewe, vipande vya mkongo vilivyobaki kwenye kitanda cha mteja. Msumeno ulimkwama, akaukandamiza, ukakwama zaidi, mpaka akajifunza kuuacha uende kwa uzito wake. Ya tatu tulifika kwenye ulimi, kile chuma cha kukunia. Nikachukua tupa ya pembe tatu nimchongee meno kama ninavyochonga siku zote. Akanizuia. Meno makubwa, akasema, yanakwangua mpaka lile ganda la kahawia, tui linakuwa jeusi na wateja wanalalamika kwamba wali una rangi ya vumbi. Alitaka meno madogo, yaliyosongamana. Akayachonga yeye, moja moja, ulimi umebanwa kwenye jiriwa, jasho linamdondoka puani.

Nimetengeneza mbuzi za nazi zaidi ya miaka ishirini na jambo hilo sikuwahi kulijua. Ningelijuaje? Sijawahi kukuna nazi kumi na tano. Ndani ya mwezi mmoja wenzake wanne walitaka mbuzi ndefu kama ile, na waliziagiza kwake. Jumamosi anakuja na binti yake, binti anachonga meno, mama anapiga msasa. Ameongeza na kibao cha kushikia sinia ili lisiteleze, jambo ambalo pia halikutoka kwangu.

Lipo na tatizo la vifaa kupotea, na sitawaficha. Mwaka wa kwanza ziliondoka spana mbili, futi moja na patasi ya inchi moja aliyoniachia marehemu mwalimu wangu. Hiyo patasi inaniuma hadi leo. Nikapigilia hadibodi ukutani, nikapanga kila kifaa mahali pake na kukichorea kivuli chake kwa rangi nyeusi. Kila mtu akapewa vizibo vitatu vya soda vyenye jina lake. Ukichukua koleo unatundika kizibo chako kwenye kivuli cha koleo. Jioni huhitaji kumwuliza mtu, unatazama ukuta. Tangu hapo hakijapotea kitu zaidi ya vichwa vya drili, na hivyo huvunjika hata mikononi mwangu.

Tuliumia pia. Diski ya grenda ilipasuka ikamchana kijana chini ya kidevu, nyuzi nne. Alikuwa hana miwani kwa sababu miwani ilikuwa moja na ilikuwa usoni kwangu. Siku hizi hakuna miwani, hakuna grenda, hata uwe na haraka kiasi gani.

Jumamosi moja nilikwenda msibani, nikaacha funguo kwa watu wema. Niliporudi randa ya umeme ilikuwa imepitishwa juu ya mbao kuukuu yenye misumari. Visu vyote vimemeguka. Waliofanya hivyo hawakuwa wakorofi, hawakujua tu, na hakukuwa na mtu wa kuwaambia wasubiri kwanza, waing'oe ile misumari. Nataka mlishike hili kuliko yote niliyoandika hapa: jengo bila mtunzaji ni ghala, na ghala lina mwisho mmoja, kufuli.

Majirani zetu Kenya wameliona. Katika mpango wao wa kuchochea uchumi ulioanza 2009, waliamua kujenga vituo vya jua kali, yaani vya mafundi wa mtaani, kwenye maeneo bunge. Majengo yalisimama, lakini vingi vikakaa miaka bila kazi. Wakati huohuo pale Kamukunji, Nairobi, kwenye kelele na moshi, mafundi wanaendelea kukunja mabati na kutoa masanduku ya shule, majiko na mikokoteni, mwenye mashine ya kukata bati akiwakatia wasio nayo. Pale kuna watu kwanza, paa likafuata. Vituo vile vilianza na paa.

Kwetu pia tuna mifano, na naogopa tumeisahau. Mwaka 1972 ilianzishwa Nyumba ya Sanaa hapa Dar es Salaam, kwa juhudi za Sista Jean Pruitt. Vijana walipata pale nafasi, zana na wenzao wa kufanya nao kazi: kuchonga, kuchora, kutia rangi vitambaa, kuchapa picha kutoka kwenye bamba la chuma. George Lilanga, Mmakonde aliyekulia kwenye uchongaji kusini, aliingia pale kama mlinzi. Fikirieni hilo. Mtu aliyeajiriwa kulinda vifaa ndiye aliyekuja kuvishika, akaanza na wino na vitambaa, na yale mashetani aliyoyachora, ya masikio makubwa na matumbo ya mviringo yakasafiri hadi kwenye majumba ya maonyesho ya Ulaya, Marekani na Japani. Lilanga alifariki 2005. Hakuna fomu ya mkopo ambayo ingemwona Lilanga akiwa na tochi yake mlangoni. Hakuwa na kikundi wala andiko la mradi. Alichokuwa nacho ni mlango uliokuwa wazi na meza yenye vifaa juu yake.

Na Tingatinga je? Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi ya mafuta ileile ya kupakia baiskeli. Alikufa 1972, miaka michache tu baada ya kuanza. Uchoraji ule ungeweza kwenda naye kaburini. Haukwenda, kwa sababu alikuwa amekaa na jamaa zake na wanafunzi wake wakichora pamoja, kila mmoja akimwona mwenzake anavyochanganya rangi. Chama chao cha ushirika kiliandikishwa 1990, na hadi leo ukienda Morogoro Stores, Oysterbay, utawakuta wamekaa chini wanachora, mwanafunzi anajaza rangi ya nyuma, mwalimu anaweka macho ya chui. Watalii wananunua picha. Laiti viongozi wetu wangekuwa wanatazama ule ukaaji.

Kuna wanaosema mambo ya kuazimana vifaa ni umaskini. Mji wa Berkeley, California, si mji wa maskini, na tangu 1979 maktaba yake ya umma inaazimisha misumeno, ngazi na drili pamoja na vitabu. Mwananchi anaonyesha kadi ya maktaba, anaondoka na randa, anairudisha. Amsterdam walianza 2009 mikutano ya kutengeneza vitu vibovu, mwenye pasi mbovu anakaa na anayejua pasi, na mtindo huo umeenea nchi nyingi. Nasi tulishaelewa jambo hili kwa upande wa vitabu. Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa 1967, na sijasikia msomaji akiambiwa pale kwamba hawezi kusoma kitabu mpaka aunde kikundi chenye katiba na akinunue.

Mtaniambia ipo SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Ipo tangu 1973, na fundi wa umri wangu asiyeishukuru SIDO ni mwizi wa fadhila. Lakini SIDO humhudumia aliyekwisha kujiita mjasiriamali. Binti anayetaka kumtengenezea bibi yake kigoda hajawa mjasiriamali, na huenda asiwe kamwe, ingawa kigoda kinahitajika vilevile. Mtaniambia ipo VETA, mamlaka ya elimu ya ufundi stadi. Naam, na imefanya jambo la maana sana kutambua ujuzi wa mafundi wa mtaani waliojifunza kazini kama mimi, ikawapa vyeti. Ila kijana anamaliza chuo na cheti mkononi bila hata bisibisi, na karakana aliyojifunzia hawezi kuirudia kwa sababu sasa wamo wa mwaka unaofuata. Yapo pia mashindano ya kitaifa ya ubunifu, MAKISATU, tangu 2019. Nawapongeza washindi. Swali langu ni la Jumanne ya kawaida, saa kumi na moja jioni: mbunifu ambaye bado hajashinda chochote anakwenda kupiga tupa chuma chake wapi?

Nilijaribu kulirasimisha jambo langu. Nilikwenda ofisini na daftari la Jumamosi, majina na kazi zote zimeandikwa. Dirisha la biashara likaniambia hii si biashara kwa kuwa siuzi kitu, niende maendeleo ya jamii. Maendeleo ya jamii wakasema si kikundi kwa kuwa hakuna wanachama, wanakuja watu tu, niende kwenye ardhi na mipango. Huko nikaambiwa eneo langu ni la makazi, kwa hiyo hata useremala wenyewe ningepaswa kuutolea maelezo, na kama ningekuwa mwerevu ningenyamaza. Yule aliyeniambia hivyo alikuwa ananisaidia, nilimwelewa, nikashukuru, nikanyamaza. Hapo katikati nilisubiri saa tatu kwenye benchi la ukumbini. Benchi hilo lina mguu wa kushoto uliolegea, kabari imetoka, kila anayekaa upande ule anainuka haraka akidhani amekosea kukaa.

Sasa maombi yangu. Najua fedha ya asilimia kumi ni ya mikopo kwa mujibu wa sheria, siombi mwivunje. Nasema mtafute fungu lingine kwenye mapato yenu ya ndani, na halihitaji kuwa kubwa, kwa sababu siombi mnijengee kitu. Kila halmashauri ina jengo lililolala: ofisi ya kata ya zamani, ghala, kizimba cha soko ambacho hakijapata mpangaji tangu soko lizinduliwe. Toeni moja. Vuteni kwanza umeme wa njia tatu, kabla ya mashine, kabla ya rangi, kabla ya jiwe la uzinduzi.

Kisha ajirini mtunzaji. Mmoja tu, kwa mshahara unaoeleweka, fundi mwenye subira ya kurudia jambo mara kumi bila kumwita mtu fundi maiko. Akiwa na cheti cha VETA cha kutambuliwa ujuzi wake, inatosha, msimdai shahada. Na katika bajeti ya kila mwaka wekeni mstari wa visu, mikanda, diski na miwani. Mstari huo utawashawishi mwukate mkifika mwezi wa nne na fedha zimebana. Ukikatwa mara mbili mfululizo, turubai la bluu linarudi.

Pafunguliwe jioni hadi saa tatu usiku, na mwisho wa wiki, kwa sababu mchana watu wako kwenye mihangaiko. Wekeni taa mlangoni na choo chenye mlango unaofungwa kwa ndani. Wanawake wengi walioanza kuja kwangu waliacha, nikadhani hawapendi kazi, mpaka binti wa yule mama ntilie akaniambia wazi kwamba kibandani kwangu hakuna pa kujisaidia na njia ya kurudi ina giza. Meza mbili ziwe fupi, kwa anayefanya kazi akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Funguo zisikae kwa mwenyekiti wa mtaa wala kwa diwani. Naomba radhi, ila siku za kampeni jengo lenye umeme mzuri na uwanja huwa na wapenzi wengi.

Kuhusu ile mikopo, nina pendekezo moja ambalo halitawagharimu chochote. Kikundi kinachoomba hela ya mashine kifanye kwanza kazi miezi mitatu kwenye karakana ya kata, kwa mashine ya namna hiyohiyo. Watajua inakula umeme gani, kisu kinakufa baada ya muda gani, mbao za Sao Hill zilizokatwa mbichi zinajipindaje, na nani kati yao ni wa maneno tu. Baadaye wakija kwenye dirisha la mkopo watakuwa na majibu ambayo fomu haiyaulizi. Wengine watagundua kwamba hawahitaji kununua mashine kabisa, watatumia ya kata saa nne kwa wiki na kukopa kwa ajili ya mbao.

Usalama ninauogopa kuliko wizi. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi waje watukague, waje mapema, watuambie tuweke nini wapi. Nimechoka kuomba Mungu kila grenda inapowashwa.

Nami sisubiri mpaka kila kata ipate. Anzeni na moja, hata iwe mbali na kwangu. Nitajitolea Jumamosi zangu, nitaleta ule ubao wa vivuli niwaonyeshe unavyochorwa, na kijana wa taa za vifuu amesema atatoboa taa ya kutundika mlangoni. Kwa drili, safari hii.

Jumatatu hii nitafika ofisini kwenu na nakala ya barua hii. Nitakuwa na patasi, nyundo, gundi na kabari tatu za mkongo kwa ajili ya lile benchi la ukumbini, kazi ya dakika ishirini na bei yake ni bure. Mara ya mwisho mlinzi wa getini alinizuia nisiingie na begi la vifaa. Naomba mumwambie.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi seremala, chini ya mwarobaini